Gandasturi, na Nusu ya Warti

Alhamisi, Agosti 2006, Ibra, Omani. Joto limekaa juu ya mji kama kifuniko juu ya sufuria. Upepo hakuna. Hata mitende ya jirani imenyamaza, na ile ina maneno kuliko jirani mwenyewe.

Shajara yangu, mimi Seif ni mtu mwenye bahati. Sijisifu, nasema tu mambo yalivyo. Wapo waliopewa elimu, wapo waliopewa mashamba na maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia, mimi nilipewa bahati. Miaka yote hii naendesha watalii kwenye mchanga wa Bidiya na sijazamisha gari mbele ya mgeni hata mara moja. Wajerumani wananiita kwa jina. Mtaliana mmoja mzee alitaka kunioza binti yake palepale juu ya kilima cha mchanga, nikamwambia ngoja kwanza nimuulize mama. Skuli niliiacha katikati, nusu Tabora nusu huku, na bado nazungumza na dunia nzima.

Na bahati kubwa kuliko zote ni hii. Hapa kwetu kila nyumba inalia kwa shagala, ndivyo tunavyomwita mfanyakazi wa nyumbani. Akenda likizo kwao ndiyo kaenda, humwoni tena. Wa jirani hakurudi. Wa ami yangu kule Samad hakurudi, mpaka leo ami anapika wali wa kuungua na kusema ndivyo anavyoupenda. Sisi wetu, Warti, kaenda kwao kisiwani Jawa mwanzo wa joto na anarudi baada ya Idi. Sanduku lake la nguo nzuri lipo chumbani kwake. Kandambili zake zipo mlangoni, zimeelekea ndani. Nani mwengine Ibra nzima ana bahati kama hiyo?

Haya, nimeshajisifu. Sasa niandike lililoniweka hapa.

Mama hataki kula.

Nianze mbali kidogo, maana hata mimi nikilisoma jambo hili siku za mbele nataka nilielewe. Mama yangu kazaliwa Tabora, kaolewa Tabora, kaja huku mtu mzima, mifupa imeshakuwa migumu na ulimi pia. Kiarabu chake mpaka leo ni cha kuomba maji na kumfukuza mbuzi. Baba alipofariki, na dada yangu Zuwena alipoolewa Sur, na mimi nikawa nashinda mchangani, mama akabaki na kuta. Mke nilioa, tukaachana, hilo ni la shajara nyengine.

Ndipo akaja Warti. Msichana wa Kijawa, mwembamba kama ufito, na Kiarabu alichofundishwa huko kwao kwa haraka. Mama akamsikiliza, akamwambia hicho kiweke kabatini, humu ndani tunasema Kiswahili. Basi akamfundisha. Hakuwa na kitabu. Alimfundisha kwa sufuria na ufagio. Hiki mwiko, hiki kinu, huu uvivu. Miaka ikenda, Warti akawa anasema Kiswahili cha Tabora chenye wimbo wa Kijawa, anaamkia shikamoo, anaguna "ala!" kwa sauti ya mama yangu hasa. Nimeona mengi duniani, lakini hilo sijaliona kwengine.

Na Warti naye akamfundisha mama kitu kimoja. Gandasturi. Ni kitamu cha kwao. Unachukua choroko, hizi hizi zetu, unazichemsha, unaziponda na sukari guru, unafanya viduara bapa kama kifuniko cha chupa kubwa, unavichovya kwenye unga wa mchele uliokorogwa, unavikaanga. Nje kinavunjika, ndani kimelainika kinapakazika. Kila siku baada ya Alasiri ilikuwa hivyo: mkeka uani kwenye kivuli cha ukuta, birika la kahawa, sahani ya gandasturi, wao wawili. Mama kalelewa kwamba kitu kizima hakiliwi mbele ya mtu, kinakatwa. Basi anachukua kimoja, anakivunja katikati. "Yako. Yangu." Wanakula. Anavunja chengine. "Yako. Yangu." Sahani imejaa na wao wanagawana nusu nusu kama watoto wenye pipi moja. Mimi nikipita nikinyoosha mkono napigwa kofi la vidole.

Tangu Warti aondoke mama hali. Na kumbukumbu zake, ambazo zilishaanza kuvuja, sasa zinavuja kweli. Anauliza Warti yuko wapi. Tunamwambia kaenda kwao, mama. Anasema haya, Mungu amfikishe. Baada ya muda anauliza tena, na uso wake ni mpya, kama hajapata kuuliza.

Bangili yake ya fedha, ile ambayo tangu nina akili zangu haikuwahi kutoka mkononi, juzi ilidondoka kwenye beseni la kunawia. Ikalia ngaa. Zuwena akaizungushia uzi ndani ili ikae. Mimi nikafanya mzaha kuhusu bangili kutaka kukimbilia kwao Nizwa kwa mfua fedha. Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Daktari alimpima akasema damu iko hivi, presha iko vile, lakini kubwa ni kula. Mpeni chochote anachokitaka. Kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

Zuwena kaja kutoka Sur kwa ajili hiyo, kaacha mume na watoto. Dada yangu anapika, wallahi, sitii chumvi. Kapika wali wa nazi, kapika mchuzi wa papa, kapika mkate wa mchele unaonukia mpaka barabarani. Mama anachukua tonge moja kwa adabu, kama mgeni, halafu anaweka kiganja juu ya sahani. Anasema, "Mmeshiba nyinyi? Alhamdulillah." Kisha ananigeukia mimi, taratibu, kama anayeuliza siri:

"Ile ya Warti ipo?"

Haipo, mama.

Basi nikaamua nitaipika mimi. Kambi imefungwa kwa joto, watalii hawaji mpaka hewa igeuke, na mtu mwenye bahati hashindwi na choroko. Zuwena akaegemea mlango wa jikoni, mikono kiunoni.

"Warti si anarudi baada ya Idi?"

"Anarudi."

"Sasa wewe unajifunza ya nini? Kama mwari anayengoja kuolewa!"

Nikamwambia nataka kuwauzia Wajerumani kambini, wanapenda kila kitu cha kijani. Akacheka, akanipa mwiko. Zuwena akinicheka huwa nakuwa mdogo tena, na siku ile nilihitaji kuwa mdogo.

Mara ya kwanza niliharibu kwa sababu ya damu. Naam, damu, asili. Sisi watu wa kule tukiona choroko mkono unakwenda wenyewe kwenye nazi. Hatufikiri. Hakuna aliyetufundisha, tumezaliwa nayo. Nikachemsha choroko vizuri, zikaiva, na kabla akili haijafika mkono ulishamimina tui zito, na hiliki, na sukari. Zikanukia! Zuwena mwenyewe akasema inanukia. Ila nilipotaka kufanya viduara, viduara gani? Ulikuwa uji. Uji mzuri, lakini uji.

Nikasema isipotee. Nikamtilia mama kwenye bakuli, nikampelekea. Akanusa. Akanitazama mimi, akatazama jua uani, akatazama bakuli.

"Futari hii?"

"Choroko tu, mama."

"Futari. Mwezi umeandama hamkuniambia?"

Na hapo, shajara yangu, mtu mwenye bahati alimfungisha mama yake Ramadhani kabla ya wakati. Akasukuma bakuli kwa heshima, akafunga mtandio vizuri, akasema yeye kafunga. Maji hataki. Dawa hataki. Tukamwambia bado, mama, bado mwezi huu ni mwengine. Akatutazama kwa huruma, kama watu wanaomjaribu imani. Akamwambia Zuwena, "Watu wazima mnakula mchana?" Zuwena alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Alikimeza bila kutafuna.

Tungefanya nini sisi? Tulingoja adhana ya Magharibi, sote watatu tumekaa mkekani, na chakula kiko mbele yetu, na hatuli. Adhana ilipolia mama akala kokwa moja ya tende na maji, akasema kiu imeondoka, alhamdulillah. Akalala. Mtu asiyekula nilikuwa nimemzidishia kufunga, na bahati tu kesho yake aliamka hakumbuki saumu.

Zuwena alinong'ona kwamba angalau kala tende. Alikuwa ananifariji. Ni vibaya sana Zuwena akinifariji.

Mara ya pili niliharibu kwa sababu ya majivuno, na hayo sina wa kumsingizia. Sukari guru haikuwepo ndani. Mimi nikasema, sukari gani inaishinda asali ya tende? Tena ya kwetu, ya mitende ya marehemu baba, ile inayotiririka yenyewe chini ya magunia ikiwa nyeusi kama mafuta ya gari. Wafalme wanaitaka. Nikaiponda na choroko, safari hii bila nazi, nikatia kwa mkono wa ukarimu. Viduara vikafanyika, vimelegea kidogo, lakini vipo. Nikavichovya. Nikavitia kwenye karai.

Kwa muda mfupi vilikuwa vizuri. Halafu kimoja kikapasuka, kikatema asali kwenye mafuta ya moto, na mafuta yakajibu. Karai zima likaanza kupiga mizinga kama siku ya harusi. Mimi ambaye nashuka kilima cha mchanga na Wazungu sita wanapiga kelele nyuma nilikimbilia uani nikiwa nimeshika upawa. Zuwena akazima gesi. Mkononi nina alama mpaka sasa. Yaliyobaki karaini yalikuwa makaa matamu.

Mama aliuliza ndani, "Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Napika."

"Mwite Warti akusaidie."

Ndipo nikampigia simu Warti. Kule kijijini kwao simu ni ya kaka yake, kaka yake anaipeleka kwa miguu, na wakati anatembea kadi yako ya simu inatembea pia. Nilisikia majogoo. Nilisikia pikipiki. Halafu, kutoka upande mwengine wa dunia, sauti ya mama yangu yenye wimbo:

"Shikamoo, kaka Seif!"

Niseme kweli? Nilikaa chini.

Akaniuliza bibi hajambo, ndivyo anavyomwita mama. Nikamwambia hajambo. Nikamwambia nataka kupika gandasturi. Kukawa kimya, nikadhani kadi imekwisha. Kumbe anacheka, kaiweka simu mbali asinivunjie heshima.

"Umetia nazi?"

"Nilitia."

"Ala! Kwenye choroko?"

"Mkono ulitia, si mimi."

"Nazi kidogo kwenye unga, kaka Seif. Kwenye choroko hapana. Choroko lazima zikauke. Koroga, koroga, mpaka mwiko unasimama."

Nikamuuliza sukari guru kiasi gani. Akasema mpaka inatosha. Nikamuuliza nitajuaje inatosha. Akasema utajua. Unga wa mchele je? Akasema usiwe mzito, usiwe mwepesi. Moto? Si mkubwa, si mdogo. Nikamwambia Warti, kwa maelezo haya hata Bidiya sifiki. Akasema yeye mwenyewe hajui, mkono ndio unajua, bibi alipenda aweke tangawizi kidogo kwa hiyo anaweka, na siku nyengine kinakuwa kizuri na siku nyengine hakiwi, na bibi alikula tu.

Tukazungumza na mengine kidogo. Halafu kadi ikakatika kweli.

Nikenda kwa Mmalabari, Mhindi mwenye duka la pembeni, kutafuta sukari guru. Akaniuliza ya nini, nikamwambia. Basi macho yake yakafunguka. Sisi na yeye tunazungumza Kiarabu cha kuchanganya, kila mtu anakivunja upande wake, na mimi ananiita arbabu, yaani bosi.

"Arbabu, hii ya kwetu! Hii Kerala iko!"

"Hii ya Jawa."

"Jawa wapi? Mama yangu anapika hii. Choroko hii, sukari hii. Ya kwetu."

Nikamkumbatia, wallahi, nikamkumbatia dukani mbele ya watu. Mungu kaniletea mwalimu mlangoni! Nikamwambia basi, habibi, nieleze. Unga unakorogaje? Unajuaje mafuta yamefika?

Akafikiri. Akakuna kichwa.

"Mimi nakula tu," akasema.

Tukabaki tumesimama wanaume wawili mbele ya gunia la choroko, kila mmoja na mama yake mbali, hakuna anayejua kitu. Akaniomba nikifanikiwa nimletee kimoja. Sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa. Nikamwambia nitakuletea sahani.

Leo basi, baada ya sala ya Adhuhuri, nikaanza tena. Nilizikausha choroko motoni mpaka mwiko ukasimama, kweli ulisimama, nikamwita Zuwena aje aone mwiko umesimama. Akaja, akautazama, akasema, "Hongera, umepanda mti." Sukari guru nilitia mpaka nikaona inatosha, maana yake nilichoka kuonja. Nikatia tangawizi. Nikaacha ipoe. Nikafanya viduara kwa viganja, na viganja hivi vimeshika usukani maisha yangu yote, havijui kitu kidogo. Vilitoka kila kimoja na sura yake. Kimoja kilifanana na ami yangu wa Samad.

Unga wa mchele, nazi kidogo, manjano chembe, chumvi. Nilikoroga usiwe mzito usiwe mwepesi, na Mungu ndiye ajuaye ulikuwa nini. Zuwena alishika mfuniko kama ngao. Nikatia cha kwanza.

Hakikupasuka.

Nikatia cha pili. Mafuta yakaimba polepole. Harufu ikatoka, shajara, na ilikuwa harufu ya saa ya Alasiri ya miaka yote ile, na Zuwena aliweka mfuniko chini akajifuta macho kwa ukingo wa kanga, akasema moshi. Hapakuwa na moshi.

Adhana ya Alasiri ikapita. Tukatandika mkeka uani. Tukamtoa mama, mwepesi, Mungu wangu, nilimwinua kama nainua nguo zilizokauka. Nikaweka birika, finjani, sahani. Gandasturi zangu zilikaa pale mbaya, zimejikunja, moja ina pembe. Sijapata kuogopa sahani namna ile.

Mama akazitazama.

Akachukua moja. Akainusa. Akaivunja katikati, na ndani ilikuwa imelainika, nikaona kijani chake. Akaitia mdomoni nusu moja.

Akatafuna. Akameza.

"Mwambie Warti," akasema, "leo katia tangawizi nyingi."

"Nitamwambia, mama."

"Mkono wake leo mzito. Anaumwa?"

"Hajambo."

Akamaliza nusu yake, yote. Ndicho chakula kikubwa alichokula tangu siku nyingi. Zuwena alinibana mguu chini ya kanga kwa furaha mpaka nikaumia. Nikasema moyoni, Seif, umeweza. Nikasogeza sahani. Chukua chengine, mama.

Akatikisa kichwa. Nusu ya pili alikuwa bado kaishika. Akatazama upande wa mkeka ambao Warti alikuwa akikaa. Pale tulikuwa tumeacha wazi, si kwa kupanga, miguu yetu tu haikai pale. Akachukua kisahani cha finjani, akaiweka ile nusu juu yake, akaomba kawa. Zuwena akamletea kawa, lile dogo la ukili alilolishona mama mwenyewe zamani. Akakifunika kisahani, akakisukuma mpaka pale pa Warti.

"Yake hiyo. Msile. Njiani kuna njaa."

Nikamwambia zipo nyengine nyingi, mama, sahani imejaa, hebu kula. Akanitazama kama mtoto asiye na adabu.

"Nile mimi, mwenzangu hajala?"

Ndiyo desturi yake. Kitu kizima hakiliwi mbele ya mtu. Ameshavunja, amekula yake, sasa anangoja mwenye nusu ya pili aje ale ndipo avunje chengine. Nilitaka kumwambia mimi nitakula hiyo, mama, gawana na mimi. Nilimwambia. Nilinyoosha mkono. Nikapigwa kofi la vidole, lile lile la zamani, ila halina uzito tena. Ni kama kupigwa na jani.

Zuwena akajaribu. "Mama, mimi nitakula nusu yake, nitamlipa akija."

"Wewe una kwenu," mama akasema. "Yeye kwao mbali."

Halafu akauliza. "Anakuja lini?"

Zuwena akanitazama. Mimi ndiye mwanamme wa nyumba, mimi ndiye ninayeongea na dunia nzima.

"Baada ya Idi, mama."

"Basi si mbali," akasema, maana kwake siku hazina hesabu tena. Akaitikisa finjani yake kulia na kushoto, yaani tosha, kama anavyofanya mgeni kwenye kahawa akiwa ameshatosheka na hataki kumwaibisha mwenyeji.

Tumemrudisha ndani, kalala kidogo. Kawa lipo uani mpaka sasa naandika. Sisimizi wameshaligundua, nimezungushia maji chini. Zuwena alitaka kuliondoa, nikamkataza. Sijui kwa nini nimemkataza. Sahani nyengine nimempelekea Mmalabari kama nilivyoahidi. Alikula kimoja amesimama, akafumba macho, akasema si kama cha mama yake, akala cha pili.

Kesho nitaroweka choroko tena. Tangawizi nitapunguza. Hilo naliweza. Ninaloweza ni hilo tu.

Zuwena bado ananiuliza kwa macho. Anajua mimi sijifunzi kitu mpaka ukuta uwe mgongoni. Ila yeye na kompyuta hii ninayoandikia hawajuani, kwa hiyo hapa naweza kuandika yale mengine tuliyozungumza na Warti kabla kadi haijakatika.

Nilimuuliza tiketi nimkatie ya tarehe gani. Akasema, "Kaka Seif, na mimi nina mama." Akasema mama yake kaanguka, hatembei, na hali mpaka alishwe na yeye. Hali kwa mkono wa mtu mwengine. Nikamwambia mlete! Mlete na mamako, viza nitahangaika nayo, chumba cha kati kipo wazi, wazee wawili watakaa mkekani watagawana. Nilisema kwa kelele, nilikuwa namaanisha, bado namaanisha. Akacheka kidogo. Akasema mama yake hafiki hata mlangoni, kaka Seif, atafikaje Omani? Akaniomba nimwambie bibi. Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia. Nimeweza kumshusha Mjerumani mwenye ugonjwa wa moyo kutoka juu ya mchanga huku anacheka, na hili nimelibeba mdomoni siku zote hizi kama jiwe.

Warti harudi. Si baada ya Idi, si baada ya yoyote. Ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo. Sina.